Kicheko Kabla ya Kinanda Kuzama

Kaseti ile niliinunua pembeni mwa Mtaa wa Msimbazi, kwa mtu anayeuza redio zilizokufa. Nilikuwa natafuta waya wa kuchaji simu. Juu ya karatasi yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, "Ukumbini, siku tatu za mwanzo," na chini yake pamepigwa muhuri wa duka uliofifia. Jina la bendi halikuwepo. Nadhani ndiyo maana niliichukua. Kitu kisicho na jina hakijapata nafasi ya kukudanganya.

Wakati huo nilikuwa nakaa Mchafukoge, chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu. Nilikuwa najaza fomu za mizigo kwa wakala mmoja wa bandarini, kazi ambayo haikuhitaji hata ukurasa mmoja wa falsafa niliyosomea miaka mitatu. Wenzangu wa chuo walikuwa wametawanyika, na kundi letu la simu limebaki la kutakiana heri za kuzaliwa. Baba nilikuwa sijaongea naye tangu Pasaka, nilipomwambia kwamba mimi kanisani siendi tena, siamini. Aliniuliza kama simwamini Mungu au simwamini yeye. Nilimjibu kwamba nitalifikiria. Nilikuwa nadhani hilo ni jibu.

Basi nikawa na kaseti. Ilikuwa bendi ya roki ya hapa hapa mjini, ya miaka ambayo wazazi wangu walikuwa bado wanasoma shule: magitaa mawili, besi, dramu na kinanda cha umeme. Walipiga wimbo mmoja dakika ishirini bila kiitikio. Kuna mahali mtu anagonga chuma, peke yake, muda mrefu kuliko inavyostahili. Kuna mahali mwimbaji haimbi, anasoma tu maelekezo ya kupika uji kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Sikuwahi kusikia watu wakipiga hivyo kwa Kiswahili.

Na katikati ya yote hayo, kinanda kilikuwa kinazama. Sauti yake iliteremka taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiona, ikafika chini na kutulia pale. Magitaa yakakifuata. Dakika mbili tatu baadaye kikapanda tena, na magitaa yakapanda nacho. Katika kaseti nzima kinanda kinazama mara saba; mara ya kwanza tu muziki unakatika na watu wanazomea.

Niliamini kwamba hawa walikuwa watu wenye akili za ajabu. Niliandika makala ndefu kuhusu sauti inayokataa kusimama mahali pamoja, nikaituma kwenye kundi la simu. Mmoja alijibu kwa kidole gumba. Mama mwenye nyumba, Mhindi wa ghorofa ya chini, mwenye adabu sana, alinisubiri kwenye ngazi akaniuliza kama redio yangu inaumwa.

Hilo swali lake ndilo lililonipeleka kwa fundi. Kibanda chake kiko Kariakoo, chini ya ngazi za jengo la maduka ya simu, na alikuwa ndiye aliyenifufulia redio ya kaseti. Alisikiliza nusu dakika tu.

"Mkanda umevutika," alisema. "Au mpira wa redio umelegea. Yaani wewe msomi unasikiliza ugonjwa wa redio, unauita sanaa."

Mteja aliyekuwa amekaa kwenye ndoo akacheka. "Mwache bwana, huo muziki wa digrii."

Nilicheka nao. Lakini niliporudi chumbani niliona aibu kweli, na nikajua kilichoniuma. Ikiwa kile kinanda hakikukusudiwa kuzama, basi miezi ile yote nilikuwa nakaa na hitilafu, naifanya rafiki. Nilitaka kujua jambo moja tu: walikusudia, au hawakukusudia?

Jumapili alasiri Mchafukoge hunyamaza. Maduka yamefungwa, mikokoteni imelala, na mtu anaweza kusikia vyombo vinavyooshwa jengo la pili. Nilivaa vidude vya masikioni na kurudi mahali kinanda kinapozama kwa mara ya tatu. Nilirudia mpaka nikaacha kusikia muziki, nikaanza kusikia ukumbi: viti vinavyoburutwa, mtu anakohoa, chupa inagusa chupa. Na mwanamke anacheka.

Alikuwa mbali, nyuma ya ukumbi. Kicheko kifupi, chembamba, kikafuatiwa na kingine wakati kinanda tayari kinateremka. Hiki cha pili hakikuteremka. Kilibaki kilivyo, chembamba vile vile, juu ya kinanda kinachozama. Kama mkanda ungekuwa umevutika, na yeye angezama. Angecheka kama mwanamume.

Jumatatu baada ya kazi nilimpelekea fundi. Safari hii aliweka chini kifaa cha kuchomelea, akasikiliza mara tatu.

"Haya, umenishika," alisema. "Ni kinanda chenyewe. Vile vya zamani vina mota ndani. Walikuwa wanapigia jenereta. Jenereta likibebeshwa mzigo linapunguza mwendo, mota nayo inapunguza, sauti inashuka."

"Kwa hiyo walikusudia?"

"Nani anakusudia jenereta?"

Aligeuza karatasi ya kaseti kwenye mwanga, akausoma muhuri nilioshindwa kuusoma. Duka la mabomba na koki, mtaa wa nyuma tu pale. Lipo mpaka leo. La mzee mmoja wa Moshi.

Mtu mwingine angekwenda siku hiyo hiyo. Mimi nilitaka kwenda nikiwa na ushahidi kamili. Nilichora jedwali la dakika na sekunde, kila kuzama na kila kicheko, na jedwali likanipa shida mpya. Mara mbili za kwanza yule mwanamke hakucheka kabisa. Mara tano zilizobaki alicheka, na kila mara alianza kabla. Sekunde mbili, tatu, kabla kinanda hakijaanza kushuka. Mtu anawezaje kucheka kabla ya jambo lenyewe? Nilijaribu majibu yote. Labda ni mlevi. Labda ni sadfa. Wiki zikapita nikiwa nahesabu sekunde.

Nilipokwenda ilikuwa tarehe ishirini na moja Desemba. Lile duka na mengine manne ya mstari ule yalikuwa yamefungwa, makufuli mawili mawili. Mtoto yeyote wa Kilimanjaro angejua bila kuambiwa. Mimi ni mtoto wa Kilimanjaro. Nilikuwa nimeamua kwamba sikukuu hii siendi nyumbani, na kwa kuamua hivyo nikasahau kwamba wengine wote wanakwenda.

Muuza matunda aliniangalia nimesimama mbele ya makufuli.

"Wachaga wamepanda mlima," alisema. "Na wewe sura yako ya huko huko. Umebaki kufanya nini?"

"Nina kazi."

"Kazi gani? Sikukuu hii hata wezi wamekwenda kwao."

Siku ya Krismasi mama alinitumia ujumbe: baba yako anauliza kama umekula. Nilijibu ndiyo. Nilikuwa nimekula chapati ya jana. Nilisikiliza kaseti pande zote mbili, kisha nikaketi dirishani naangalia barabara ambayo siku nyingine huwezi kuivuka.

Katikati ya Januari duka lilikuwa wazi. Nyuma ya meza kulikuwa na mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anapanga koki kwa ukubwa.

"Mzee hajashuka," alisema nilipomweleza. "Tangu mama afariki mwaka juzi hapendi mji. Safari hii kakataa kabisa, anasema anabaki na migomba yake." Kisha akaniangalia vizuri. "Bendi? Baba? Mdogo wangu, umekosea duka. Baba yangu hata kanisani haimbi."

Nilimwonyesha muhuri. Aliukagua, akafungua droo, akatoa muhuri wa mbao na kuupiga kwenye kipande cha boksi. Ulikuwa ule ule. Akachukua simu, akampigia, akaweka spika.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Nani wewe?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Mtu aliyeokota kaseti yenu," nikasema, na kubonyeza redio niliyokuja nayo.

"Nini hicho, mvua?" aliuliza.

Simu ilikuwa inameza sauti zote nzito. Kinanda, besi, chochote nilichokipenda, kwake kilifika kama mvua juu ya bati. Nilisogeza mkanda mpaka siku ya tatu. Mwanamke akacheka.



"Rudisha hapo," alisema mzee.

Nikarudisha.

"Huyo mama yako," alimwambia binti yake.

Nikaona mkono wa dada umesimama juu ya koki.

Mzee akaeleza, polepole, na sikumkatisha. Mama huyo, enzi hizo bado binti, alikuwa anauza soda nyuma ya ukumbi. Friji yake na vyombo vyote vya bendi vilikuwa kwenye jenereta moja. Siku ya kwanza alichomeka friji bila kujua, kinanda kikazama, wakasimama, watu wakawazomea. Siku ya pili kikazama tena. Wakaamua wasisimame, wakazama nacho.

"Basi akagundua kwamba ni yeye," alisema mzee. "Siku ya tatu ikawa mchezo wake. Anachomeka na kuchomoa anavyotaka. Hawezi kujizuia lakini, anacheka kwanza. Mimi nikisikia kile kicheko naweka vidole tayari kwenye gitaa."

"Kwa hiyo mlikusudia," nilisema.

"Sisi? Sisi tulikuwa tunamfuata mwenye friji." Akakohoa, au alicheka. "Nilipomaliza kupiga nilikwenda kununua soda. Wewe kwenu wapi?"

"Huko huko, mzee. Marangu."

"Sikukuu ulipanda?"

"Hapana."

"Baba yupo?"

"Yupo."

Nilisikia jogoo kwake, kisha mzee akaaga.

Dada aliniomba nirudishe tena. Nilirudisha mara nne. "Mama hakuwa anacheka hivi," alisema. "Sisi tulimjua wa kuguna tu." Hakuniomba kaseti. Aliacha tu kiganja chake juu ya redio, kama mtu anayepima joto la mtoto, na wateja wawili wakasubiri bila kuhudumiwa. Niliitoa nikampa.

"Na wewe je?"

"Ninayo kwenye simu, nilirekodi."

"Utakuja lakini? Uje tusikilize wote."

"Nitakuja," nilisema. Sijaenda bado.

Nilipanda ngazi za Mchafukoge ingali mchana. Nilivaa vidude vya masikioni, nikafungua siku ya tatu, na kwa mara ya kwanza sikusikia bendi. Nilisikia watu wawili wanaongea kutoka pande mbili za ukumbi, mmoja kwa waya wa friji, mwingine kwa gitaa. Swali langu lilikuwa limejibiwa, na jibu lenyewe halikuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

Nina friji ndogo, ya kupangishiwa pamoja na chumba. Niliichomoa. Nikasimama na ule waya mkononi, nikajaribu kucheka kwanza, ikashindikana. Nikachomeka. Taa ilififia kidogo, ikarudi, na friji ikaanza kunguruma kama kawaida yake.