Mgeni Aliyekuja Kunipunguza

Nilikuwa mkaguzi wa viwanda Mwanza wakati serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mashine hazili watu. Pikipiki ya ofisi ilikaa juu ya mawe kwa kukosa matairi, hivyo nilipotaka kukagua kiwanda nilimwomba mwenye kiwanda aje kunichukua. Kwa hiyo kila nilipofika nilikuta watu wote wamevaa buti, nyingine bado zina karatasi za dukani ndani.

Siku moja akaja ofisa kutoka Dar es Salaam kuangalia kama kazi yangu ina umuhimu. Mke wangu alinipigia pasi shati, akanionya nisibishane na mtu. Nikampeleka mgeni Igoma, kwenye kinu cha kukamua mafuta ya pamba, mali ya ndugu wawili Wahindi ambao babu yao alifika Mwanza kabla babu yangu hajavuka kutoka Ukerewe. Tulipanda pikapu yao, mgeni mbele, mimi nyuma juu ya magunia ya mashudu.

Mgeni alivaa tai ndefu nyekundu. Alipoinama kutazama mashine, tai ikaanza kupepea kuelekea kwenye mkanda wa mashine unaozunguka. Nikamwomba kwa adabu aivue. Akacheka, akasema yeye hakuja kukaguliwa. Alipoinama tena nikainua mkono, na mwendesha mashine akazima. Kinu kizima kikanyamaza, hata kuku wa jirani tukawasikia.

"Unajua nimekuja kufanya nini hapa?" mgeni akauliza.

"Najua, mzee. Lakini ukirudi Dar bila shingo, wataniuliza mimi."

Akaivua tai, akawa anaishika mbali na mwili kama mtu aliyekabidhiwa nyoka.

Baadaye, kwenye chai, akaeleza kwamba siku zijazo wenye viwanda watajikagua wenyewe. Nilitegemea yule kaka mkubwa, mmoja wa wenye kinu, afurahi, maana nilikwisha kumfungia mashine zaidi ya mara moja. Badala yake akaweka kikombe chini.

"Mkimwondoa huyu nimekwisha," akasema. "Mdogo wangu hapendi kununua kitu. Kila nikitaka kitu namwambia serikali imeamuru. Sasa nitasema nani kaamuru?"

Mdogo mtu alikuwa amekaa palepale, sambusa mdomoni. Ndipo alipojua kuwa serikali haikuwahi kuamuru kaka yake awekewe feni ofisini.

Mgeni alicheka mpaka akatoa machozi. Akanipongeza, akarudi Dar, na kabla ya mvua kuanza barua ya kunipunguza ikafika. Mke wangu akauliza kama nilibishana na mtu. Nikasema kidogo.

Nilikaa nyumbani Mkolani nikijaribu kulima mchicha, hadi asubuhi moja kaka mkubwa alipokuja mwenyewe kuniomba nikasimamie usalama kinuni kwake. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, kisha nikaona aibu, nikajifanya nafikiri.

Siku ya kwanza nilimkuta mdogo mtu langoni. Tulisalimiana, akauliza nimeleta amri gani. Nikamwambia sina amri tena, nina maombi tu, na la kwanza ni miwani ya kuwakinga watu na vumbi la pamba.

Hakubisha. Jioni ileile alirudi kutoka mjini na miwani moja, akaagiza watu wapokezane.