Suruali Iliyopanda Tanga

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa Kapalamsenga nzima wanaijua hii habari na kila mtu ameshaiongezea chumvi yake, bora nyie wenzangu muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni fundi redio hapa Mpanda mjini, na fundi redio kumiliki mashua ya mashindano ni jambo la kujieleza kila siku. Ni mashua ya faiba, ya kukaa mtu mmoja, nyepesi watu wawili wanaibeba, ina tanga moja kubwa kuliko akili ya mwenye nayo. Aliniachia mtafiti mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Nikaiweka uani, nikaziba nyufa kwa dawa ileile wanayozibia bodi za magari, fundi cherehani akashona tanga lilipochanika, na jioni nilikuwa naketi humo ndani, juu ya majani, nimeshika usukani, najifunza kwa video za kwenye simu (wapangaji wenzangu waliniuliza kama nimeoteshwa gharika).

Sasa nilikuwa nimemposa Skola, binti wa mvuvi wa Kapalamsenga, kijiji cha kando ya ziwa, na Jumapili moja baada ya misa nilitakiwa niende kwao nikapewe jibu. Mtu mwenye akili angepanda gari akashuka na soda zake. Mimi nikaona, huyu mzee amezeekea majini, nikimtokea na mashua hii atajua binti anaenda kwa mwanaume. Nikaipakia kwenye Fuso. Skola akanipigia simu kunisihi nije kama watu wengine, na kama ni lazima nipande hicho kitu, basi nivae kaptula. Kaptula, ukweni? Nikavaa suruali ya kitambaa ya kaka yangu, imepigwa pasi (kaka ni mnene, ndiyo maana nilikaza mkanda).

Mchana ule upepo ulikuwa unatoka ziwani kuja ufukweni, na kwa kuwa video ya kwenda kinyume cha upepo sikuimaliza, niliwaomba wavuvi wanivute na mtumbwi wao wa injini mpaka mbali. Wakaniachia huko, nikageuza, tanga likajaa, na jamani, ilikwenda. Nikawaona wote ufukweni, mzee, mama mkwe, mashangazi, na nusu ya watu wa misa. Nikataka kuwapungia. Tatizo mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine umeshika kamba ya tanga, kamba ambayo yule mtafiti alinionya nisiifunge popote. Nikaifunga kwenye mkanda, nikaipitisha na kwenye vitanzi vya suruali ili itulie, nikapunga.

Ukaja upepo wa kushtukiza. Tanga likatupwa nje, kamba ikakaza, mkanda ukanibana mpaka nikasahau jina langu, nikawa navutwa kwenda ukingoni, na hapo ikabidi nichague kati ya heshima na uhai. Nikafungua mkanda. Suruali ikanitoka kama ganda la ndizi, ikaenda kuning'inia kwenye boriti ya chini ya tanga, miguu yote miwili inapepea, na mashua badala ya kupunguza mwendo ikazidisha. Usukani niliuacha saa ngapi sijui. Mbele yangu, mchangani, walikuwa dagaa wa mama mkwe, wameanikwa. Mashua ikagonga mchanga ikasimama. Mimi sikusimama.

Niliinuka nimevaa shati, tai, chupi na dagaa mwili mzima. Na mnajua kwetu mkwe na mama mkwe, hata kula mbele yake ni shida. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Mama mkwe alishageukia milimani, akavua kitenge chake cha juu, akakinyoosha nyuma bila kuangalia, akasema taratibu, "Skola, mfunike mwenzio."

Kikao kikafanyika hivyohivyo, mimi na kitenge changu na harufu yangu, nikijua mke nimeshamkosa. Mzee akaniuliza, mambo yalipoharibika kule majini, nilimlaumu nani. Nikamjibu sikupata nafasi ya kumlaumu mtu. Hapo ndipo walipocheka, shangazi mmoja mpaka akalala mkekani, na mzee akafuta machozi.

"Hujausingizia hata upepo. Binti tumekupa," akasema. "Nashukuru tu hicho chombo chako ni cha mtu mmoja."

Skola ni mke wangu sasa, na mashua bado ninayo. Lakini nimeapa, na nyie ambao hamjaoa sikieni: ukweni si mahali pa kuonyesha ufundi. Nenda kwa bodaboda, kaa ulipoonyeshwa, kula ulichopewa, urudi nyumbani na nguo ulizoendea.