Alilia Dukani Chake Chake

Juzi, katika duka moja la vyombo Chake Chake, mwanamke aliulizia kifuniko cha birika. Muuzaji akamjibu kwa upole kuwa vimekwisha. Yule mwanamke akaketi kwenye kibao, akajifunika uso kwa mtandio, akalia.

"Dada, si kifuniko tu?" muuzaji akauliza, amebabaika.

Bi mmoja mtu mzima, mteja kama mimi, akaketi ubavuni pake. "Si kifuniko hicho. N'ambie kimoja kimoja, mwanangu."

Akaeleza. Mfereji hautoi maji. Mbuzi wa jirani wamemlia muhogo. Na asubuhi kamfokea mwanawe kwa kuchana sare, mtoto akaenda nayo skuli vivyo hivyo. Hapo kilio kikamrudia.

"Maji na mbuzi hatuviwezi leo," Bi akasema. "Mtoto twamuweza. Kamngoje akitoka, umtake radhi, mwende kwa fundi cherehani."

Adhuhuri niliwapita kwa fundi. Mtoto kajifunga kanga ya mamake, anangoja sare, na wote wawili wanamumunya ubuyu wakicheka.

Wengi wetu twangoja shida zote ziishe ndipo tupumzike. Kwa mwendo huo, tutapumzika kaburini.