Wifi Yangu Atoa Jibu Ngomeni

Wifi yangu Saveta alikuwa na siku mbili za kuamua kama ataolewa na Traian Moga. Siku mbili, kwa sababu ndivyo matembezi ya wastaafu wa mji wetu, Mediaș, yalivyopangwa: Sighișoara, Brașov, makasri ya milimani, kisha nyumbani. Traian alimwambia palepale tukipanda basi, mbele yangu mimi, dada wa marehemu mumewe, bila haya.

"Bi Saveta, binti yangu anataka nihamie kwake Hispania. Ukinikubali, sihami. Nijibu kabla hatujarudi."

Kisha akaenda kuketi nyuma, akaanza kumenya yai.

Saveta amepita sabini. Maisha yake yote ya kazi alichora maua kwenye masufuria kiwandani, maua mekundu yaleyale, na mpaka leo akiingia jikoni kwa mtu huinua sufuria aangalie kama ni mkono wake. Si mwepesi wa kusema. Kaka yangu Simion alimsubiri majira mawili ya baridi ndipo akapata jibu. Tangu Simion afariki, mimi ambaye sikuolewa ndiye ninayekula naye supu kila Jumapili tukitoka kanisani. Kwa hiyo msishangae kwamba huyo Traian alinikera, yeye na mayai yake.

Sighișoara tulipanda zile ngazi za mbao zenye paa, kundi zima tunahema. Traian akamnyang'anya Saveta mkoba ili ambebee.

"Mgongo wenyewe huo mbovu," nikamwambia. "Utaanguka nao."

"Nikianguka, Bi Leontina, nitahakikisha nakuangukia wewe."

Wenzetu wakacheka, na Saveta naye akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu tumzike kaka yangu. Roho iliniuma, tena sana.

Kesho yake, kwenye kasri la Bran, foleni ilikuwa ndefu ya watu waliokuja kumtafuta yule mnyonya damu wa kwenye filamu. "Wanapoteza nauli," alisema Traian. "Amehamia ofisi ya pensheni zamani." Hata mimi nilicheka, nikajichukia.

Mchana tukapanda kwenye ngome ya Râșnov, kituo cha mwisho. Traian alikwenda kununua kahawa. Saveta akaketi ukutani, mapaa ya mji yako chini yetu, milima mbele.

"Wifi," akasema, "nataka kumkubali."

"Sasa kinachokuzuia nini?"

"Jiwe."

Nilimwelewa hapohapo. Simion alipokufa, mchongaji aliandika majina mawili kwenye jiwe la kaburi, kama ifanyikavyo kwetu. La Simion lina mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. La Saveta lina mwaka wa kuzaliwa, kistari, na nafasi tupu. Kila Jumamosi ya wafu huwasha mshumaa mbele ya jina lake mwenyewe.

"Nikiolewa na mwingine," akasema, "nitakwenda kulala pale kwa uso gani?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Basi mkatae. Maneno mawili tu, na angebaki wangu. Niliitazama mikono yake, akisokota ncha ya kitambaa chake cha kichwa, nikashindwa kuyatamka.

Traian akafika na vikombe vitatu. Saveta akamweleza kuhusu jiwe, bila kuficha kitu. Mzee wa watu akaketi polepole.

"Mimi pia niko kwenye jiwe la Rodica wangu," akasema. "Hata picha yangu ipo. Humo bado nina nywele." Akampa kikombe. "Mimi sikuombi kaburi, Bi Saveta. Kaburi ninalo. Asubuhi za peke yangu ndizo zinazonishinda."

Saveta akakipokea. Kisha akageuka, si kwa Traian, bali kwangu.

"Wewe ndiye mdogo wetu. Siku yangu ikifika, watoto wa huyu wanaweza kunizika watakapo wao. Utanirudisha kwa Simion?"

"Nitakurudisha," nikasema. "Hata kwa toroli."

"Na huyu umpeleke kwa Rodica."

"Huyo nitamtupa bondeni."

"Bora bondeni kuliko Hispania," akasema Traian. Saveta akamwekea mkono gotini, mbele ya wastaafu wote wa Mediaș, akauacha hapo. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Nilisogea kando nikajifanya natazama milima. Nilimlilia kaka yangu, ambaye hakuna aliyeweza kumuuliza kama anaridhia. Nililia pia kwa sababu nilimjua: yeye angekubali jana, palepale kwenye ngazi, aliposikia mkewe anacheka.