Jina Halijatumika

Kwenye kitambulisho yeye ni Tabby Waithira, lakini hilo la pili halikuwa na mwitaji. Lilikuwa jina la mama mzaa baba, na kwa sababu hiyo baba alimwita binti yake "Maitu", yaani mama yangu. Mama naye aliona haya kumfokea mtoto kwa jina la mama mkwe, basi ikawa Tabby kutwa kucha. Baba alipofariki, jina Waithira likabaki kwenye karatasi tu.

Kazi yake, pale nyumbani Ngoingwa, ni kutunga lugha ndogo ya kompyuta pamoja na Nzioki aliyeko Ruiru. Siku hiyo walikuwa kwenye simu wakibishania majina ambayo mtu huyaandika kwenye programu kisha asiyatumie.

"Kompyuta iyakatae," Nzioki akasema. "Jina haina kazi, inatafuta nini hapo?"

"Na kama hiyo nafasi lazima ijazwe?"

"Si mtu aweke kistari tu. Ni kusema, najua kuna kitu hapa, lakini sina haja nayo."

Maneno hayo yalimuuma Tabby, tena sana. Simu ilipokatika akaandika programu fupi ya kujaribu, akaweka Waithira mahali pasipo na kazi, akaiendesha. Onyo la jina lisilotumika lilipaswa kutoka. Halikutoka. Akajaribu jina la Nzioki, likatoka papo hapo. Akarudisha Waithira, kimya. Kwa kanuni aliyoiandika kwa mkono wake, maana yake ni moja: kuna anayelitumia. Alipekua kila mstari asione kitu. Mwili ukamsisimka, na huo ni mchana, jua limewaka.

Woga ukamtia ukaidi. Akalifuta jina, akaweka kistari.

Mama akatokea mlangoni na kikombe cha chai. Akafungua mdomo kumwita, akaufunga. Akabaki kumtazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Wewe," akasema polepole. "Kwani wewe unaitwa nani?"

Tabby alitaka kulia. Akalirudisha jina, akaendesha tena, na safari hii akalitamka kwa sauti: "Waithira."

Uso wa mama ukachangamka. "Ĩĩ, Waithira. Kunywa chai, inapoa."

Hakuwahi kumwita hivyo maishani. Furaha ilimjaa, akageukia kompyuta kuifunga. Palikuwa na onyo moja, juu ya jina ambalo hakuliandika popote.

Tabby: jina halijatumika.