Bahari Chumbani mwa Mjane

Siku hizi mjane anakaa eda na simu mkononi, anaongea na dunia nzima. Ukienda Kiwengwa utakuta hoteli ina kioo kikubwa ukutani, samaki wamo ndani, taa za buluu zinawaka, na watu wamekipa mgongo wanakula. Muulize mmoja wao jina la samaki mmoja tu, hana. Kazi hiyo hiyo Pandu Simai aliifanya Kikwajuni mwaka wa sabini, bila ya hoteli, na yeye alikuwa na sababu.

Pandu alikuwa fundi wa vioo vya madirisha na vya picha, mtu mfupi, mwepesi wa kucheka. Mwenyewe ndiye aliyenihadithia. Dada yake, Mwanakheir, aliolewa na Bakar, mchukuzi wa bandarini. Ndugu hawa wawili ni watu wa Makunduchi, na Mwanakheir, hata baada ya kuolewa mjini, kila bamvua maji yakikauka alirudi kwao kuchokoa pweza mwambani. Kisha Bakar akafa kwa homa. Mjane akaingia eda katika nyumba ya marehemu, dirisha limefungwa, chini ya macho ya Bi Mwatum, shangazi wa Bakar. Enzi hizo eda ilikuwa eda. Hakuna wanja, hakuna udi, na kioo cha kabati kiligeuziwa ukutani, maana mjane hajitazami.

Mwanakheir akaacha kula. Baadaye akaacha na kusema. Pandu kila akija alimkuta dada yake amepungua kama kipande cha sabuni, akaogopa kuwa watazika mara ya pili.

"Yeye hawezi kwenda baharini," akasema. "Basi bahari ndiyo itakayokuja."

Akasimamisha vioo vinne juu ya ubao, akaziba maungio kwa lami. Maji akayachota Maisara kwa madebe, akayasukuma kwa gari la mkono, na samaki hai humo ndani. Maji ya Maisara wakati huo yalikuwa maji, si haya ya leo yanayokuja na mifuko ya plastiki. Mwaka huo watu walikuwa wakipanga foleni ya mchele, na Borafya muuza kahawa hakumwacha apite hivi hivi.

"Pandu! Hao utawakaanga lini?"

"Si wa kula hawa."

"Si wa kula! Sie hatuna kitoweo, wewe unakifuga!"

Mlangoni alisimama Bi Mwatum.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba. Na hilo?"

"Bahari."

"Mie naona kioo. Mjane unamletea kioo?"

"Hiki cha kuonea ndani, Bi Mwatum. Si cha kujitazamia."

"Haya. Lakini nkiuona uso wake humo, nnalitupa nje na maji yake."

Sasa Pandu alikuwa ameshakaa mjini miaka mingi, akachagua samaki kwa sura, kama mtu anayechagua kanga. Akatia vitatange wawili wa manjano, kangaja mmoja, na chewa mdogo, kwa kuwa aliyapenda madoa yake. Akatia na jiwe lenye matumbawe hai. Baada ya Maghrib akawasha karabai, akaitundika juu ya maji, vile vile wanavyoitundika wavuvi wa dagaa. Akasahau wavuvi wanaitundika kwa nini. Samaki wakaifuata taa juu. Kangaja akaruka, akaangukia mapajani mwa Bi Mwatum.

Ukelele wake ulisikika Michenzani. Pandu akamrudisha kangaja majini, akaishusha karabai mbio na kuiweka juu ya kasha, mbele ya kitanda. Hapo ndipo alipoharibu kweli. Maji yakawa giza, taa ikammulika dada yake, na kiooni ukatokea uso wa Mwanakheir mzima, na mashavu yake yaliyobonyea. Akageuza kichwa.

"Toa!" akasema Bi Mwatum. "Kesho adhuhuri nsilikute hapa."

Kitandani ikatoka sauti iliyokauka. "Mtoeni chewa kwanza. Usiku mmoja tu atawamaliza wenziwe."

Pandu akatia mkono majini, akamtoa chewa. Bi Mwatum akajifanya hakusikia. "Kesho," akarudia, akatoka.

Pandu alijua jambo moja la kazi yake: kioo cha duka, ndani kukiwa na giza, unajiona mwenyewe, mwangaza ukiwa ndani, unaona bidhaa. Taa basi lazima iwe majini, isimguse mtu. Asubuhi akapanda juu ya paa, akang'oa bati moja, akatia kioo mahali pake. Akashuka kumuuliza dada yake atie nini badala ya chewa.

"Kiti cha pweza, yule wa mikono mitano. Na wale kamba wenye mistari."

"Na pweza mwenyewe?"

"Pweza umfungie wewe? Ataondoka na kifuniko chako. Na hayo matumbawe yapandishe juu, yanataka jua. Umelelewa wapi wewe?"

Adhuhuri Bi Mwatum akaja na mkwaju wa maneno tayari mdomoni. Jua lilikuwa likishuka wima kutoka darini, na maji yanawaka. Akamkalisha Mwanakheir pale pale pa jana, akainama, akautafuta ule uso. Akatafuta kulia, akatafuta kushoto. Vitatange wakaja kumtazama. Kamba akapita akijisafisha masharubu. Bi Mwatum akabaki ameinama.

"Bi Mwatum," akasema Mwanakheir, "sogea kidogo, unanikinga."

Bi Mwatum akasogea. "Huyu anamkimbiza mwenziwe bure. Ndiye mume?"

"Anayekimbiza ndiye mke," akasema Mwanakheir, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. "Kuna chochote cha kula humu ndani?"

Bi Mwatum akanyoosha mgongo, akamgeukia Pandu kwa ukali. "Hilo bati uliloling'oa ni la Bakar wangu. Eda ikisha, utalirudisha. Si kabla."

Akaenda jikoni. Aliporudi, mkono mmoja ulikuwa na sahani ya muhogo wa nazi, na mkono wa pili kigoda cha kukalia yeye mwenyewe.