Siku Niliyowakatia Wageni Picha Nikiwa Juu ya Bati

Nianze na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa wengine imeshatiwa chumvi: ndiyo, yule mwanamke aliyekaa juu ya paa la ukumbi mbele ya mgeni rasmi kutoka Dodoma, gauni limechanika nyuma kuanzia kiunoni, maziwa yamelowesha kifua, anagombana na kamati ya mkoa mzima, ni mimi. Wanaosema nilikuwa nimelewa ni waongo. Nilikuwa na hasira, na hasira zangu hazihitaji pombe.

Mimi ni fundi wa madishi. Hapa Msamala, mjini Songea, ukiona dishi la luninga halitikisiki hata upepo ukivuma, jua nimelifunga mimi. Kidato cha nne nilipata C ya fizikia (msinicheke, wengine walipata F na leo wana ofisi), halafu ikaja ndoa, akaja binti yangu Devota, na shule ikaishia hapo. Kwa hiyo iliposikika kwamba serikali inatafuta mahali pa kujenga kituo kikubwa cha kuwasiliana na setilaiti, na kwamba mkoa wetu umeunda kamati ya kukiomba kije Ruvuma, mimi nilikuwa wa kwanza kuamini.

Kamati ilizunguka kila mahali, kanisani baada ya misa, msikitini siku ya Ijumaa, sokoni, redioni. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, na alikuwa na maneno yake ambayo mpaka watoto waliyakariri: "Bahari hatuna! Bandari hatuna! Lakini anga tunalo! Mitambo ikija, barabara zinakuja, nyumba za wageni zinajaa, mama lishe hapumziki!" Lakini kilichonichukua mimi si barabara. Alisema vijana wa hapa waliofaulu fizikia watapelekwa mafunzo ya kuendesha mitambo hiyo. Nikamfuata siku ileile.

"Shikamoo mwalimu. Mimi fizikia ninayo."

"Marahaba mwanangu. Na dishi si unafunga?"

"Nafunga."

"Basi wageni wanakuja kutukagua. Nataka dishi juu ya ukumbi na luninga kubwa pale uani, waone kwa macho yao anga letu lilivyo safi. Utufungie bure, na kwenye mafunzo tutakukumbuka."

(Najua mnachotaka kusema, kwamba hao wageni luninga wanazo makwao. Hata mimi nilimwambia. Akanijibu, "Wanazo za Dodoma. Waje waone ya Songea.")

Kosa langu mimi lilianzia kabatini. Kila siku nafanya kazi na suruali, lakini siku hiyo nikafikiria wageni, nikafikiria kamera, nikafikiria mtu wa wizarani akiniuliza wewe ndiye kijana mwenye fizikia, nikajiona na ile suruali yenye grisi, moyo ukakataa. Nikatoa gauni langu la sendofu, lile nililoagwa nalo nyumbani kabla ya ndoa. Lile la samawati, linalobana mapaja mpaka magotini ndipo linapofunguka. Nilijiambia nitapanda mara moja tu, dakika tano, nishuke nikae kwenye kiti kama watu. Mume wangu angekuwepo angenizuia, lakini alikuwa Nakapanya na lori la korosho, na Shangazi Bonifasia, dada yake baba yangu, aliyekuja kunishikia mtoto, yeye aliniangalia tu akasema, "Umependeza. Ila sijui utapandaje."

Nilipanda kwa kulivuta gauni mpaka juu ya magoti, huku mama lishe waliokuja kuwapikia wageni wanapiga miluzi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu, mnaijua, wa juu anazungusha dishi, wa chini anatazama luninga.

"Shangazi, imeshika?"

"Bado!"

"Sasa?"

"Inakuja, inakuja... imekimbia! Rudi ulikotoka!"

"Hapa?"

"Imeshika! Usiguse tena!"

Nikachukua spana nikaze nati. Spana ikaniponyoka, ikateleza kwenye bati mpaka chini. Nikageuka haraka kuidaka, msumari wa bati ukalishika gauni kwa nyuma, nikasikia chraaaa. Sikuhitaji kuangalia. Upepo wenyewe uliniambia kilichotokea. Na wakati huohuo, jamani, magari ya wageni yakaingia getini.

Sasa hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Viti vya wageni vilikuwa vinatazama ukumbi. Ngazi ilikuwa ubavuni, wazi kabisa. Na mtu anaposhuka ngazi anawapa watu mgongo. Nikaamua nibaki juu nijifiche nyuma ya dishi mpaka mkutano uishe, na kwa kuwa nati hazijakazwa, nilishike kwa mkono lisihame. Wazo zuri, sivyo? Jua la mwezi wa kumi mnalijua, bati lilikuwa kikaango. Kila nilipoinua kalio moja lipoe, dishi lilisogea, picha inaganda, na mwenyekiti anatazama juu meno yote nje, "Fundi! Hapohapo mwanangu!" Mgeni rasmi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani na kilemba cha kitenge, naye akawa anatazama juu.

Halafu Devota akaanza kulia. Mtoto wa miezi sita akilia njaa, mwili wa mama yake hauombi ruhusa, kifua kikalowa palepale.

"Mama Devota!" shangazi akapaza sauti katikati ya hotuba. "Shuka unyonyeshe!"

"Siwezi!"

"Huwezi nini?"

"Shangazi, nimesema siwezi!"

"Basi nimpandishe huko?"

Uwanja mzima ukacheka. Nilitamani paa lifunguke linimeze, niangukie huko ndani ya ukumbi, yaishe.

Hapo akasimama katibu wa kamati, kijana mmoja wa suti ya kubana kuliko gauni langu, kusoma ombi la mkoa ambalo mgeni rasmi angeondoka nalo. Akasoma vizuri, siwezi kumnyima hilo, akasoma habari za milima yetu, za umeme, za viazi na mahindi yatakayopata walaji, mpaka akafika kwenye mafunzo. Nikakaa sawa. Akasoma: nafasi zitatolewa kwa vijana wa mkoa huu waliofaulu fizikia, "isipokuwa wajawazito na akina mama wenye watoto wanaonyonya, kwa kuwa majukumu yao hayaruhusu."

Watu wakapiga makofi! Na mimi niko juu, nimechomwa, nimechanika, nimelowa, nimewashikia picha yao bure kwa ahadi ya mafunzo hayohayo.

Sikupanga. Mkono wenyewe ulilisukuma dishi likatazama msituni. Luninga ikawa nyeusi.

"Fundi, picha imepotea," katibu akasema.

"Najua."

"Irudishe basi."

"Majukumu yangu hayaruhusu!"

Kicheko kilichotoka kwa mama lishe, nadhani kilifika milima ya Matogoro. Mwenyekiti akanyanyuka, "Mwanangu, usituaibishe mbele ya wageni," nikamwambia mwalimu shikamoo tena, lakini aibu ninayo mimi huku juu, nyie mna karatasi, na hicho kipengele kikifutwa picha itarudi, kisipofutwa nitakaa hapa mpaka mvua za masika. Bodaboda waliokuwa wamejipanga kwenye uzio wakaanza, "Futa! Futa! Futa!"

Mgeni rasmi akainua mkono, pakatulia. Nikajua nimeisha.

"Wewe mwanangu huko juu ni nani?"

"Shikamoo mheshimiwa. Mimi ndiye fundi."

"Marahaba. Huyo mtoto ni wako?"

"Wangu, mheshimiwa. Ananyonya, lakini fizikia hajaninyonya."

Akavua miwani. Nikaona mabega yake yanatikisika. "Na mbona hushuki tuzungumze?"

Nikafikiria kudanganya. Nikashindwa. "Gauni limechanika, mheshimiwa. Kwa nyuma. Lote."

Hata walinzi walicheka. Yeye alipomaliza kucheka akamgeukia katibu, na safari hii sauti haikuwa na mchezo. "Kijana, mnaniambia kituo kitawainua watu wa hapa. Mtu pekee hapa aliyenionyesha kitu kinachotoka angani ni huyu. Kwa karatasi yenu, huyu hafai?"

"Mheshimiwa, hii ilikuwa rasimu tu..."

"Rasimu inafutika. Kalamu unayo?"

Katibu akakifuta kipengele palepale, juu ya meza, na mgeni rasmi akaweka sahihi yake pembeni, kisha akatazama juu. "Haya, fundi, nimetimiza. Turudishie picha."

Nikazungusha dishi polepole, nikauliza kwa mazoea, "Imeshika?" Basi uwanja mzima, wageni kwa wenyeji, wakanijibu kwa sauti moja, "Badooo!" Nikasogeza. "Sasa?" "Inakujaaa!" Nikasogeza unywele mmoja. "IMESHIKAAA!" Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kupigiwa hata siku ya ndoa yangu.

Namna nilivyoshuka: mama lishe wanne walizingira ngazi na vitenge wamevinyoosha juu, nikateremka katikati kama bibi harusi anayefichwa, nikafungwa kitenge kiunoni, nikapewa kiti mstari wa mbele, na palepale, mbele ya kamati yote, nikamnyonyesha Devota huku wanaendelea kusoma.

Kituo kitajengwa wapi bado hatujui, mikoa mingine nayo inakiomba kwa nguvu zote, na mimi bado nawaombea hao wa kamati, kwa sababu mji huu unakihitaji. Lakini mafunzo ya awali yanaanza chuo cha ufundi hapahapa mjini, na kwenye orodha iliyobandikwa ukutani jina langu limo, pamoja na akina mama wengine wawili wenye watoto mgongoni. Aibu haijaisha, kila nikipita sokoni lazima mtu aniulize kama imeshika. Waulize tu. Ila nimeapa: mtu yeyote akija na kazi ya bure na ahadi, kwanza anisomee karatasi yake yote mpaka mstari wa mwisho, na miguu yangu yote miwili iwe chini.